Presha ya Betri za Kuanika

Mwaka jana, wiki chache kabla ya mvua za vuli, nilipewa habari kwamba nakaribia kufa. Sikupewa na daktari. Nilipewa na kimashine cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye mkanda wa kufunga mkononi na kioo cha kuonyesha namba. Kilikuwa kimekuja kwangu Mazingara ndani ya mfuko mmoja na kilo mbili za sukari, na tangu siku hiyo kikawa mkubwa wa nyumba.

Aliyekileta ni mwanangu mkubwa. Ana duka la mabati na misumari Korogwe mjini, na mtu akishauza misumari miaka kumi huamini hakuna kitu duniani kisichotulia ukikigongea mmoja. Alikuwa amesikia mama wa rafiki yake ameanguka bafuni. Basi na mimi, ambaye bafu langu ni la makuti na sijawahi kuanguka humo hata siku moja, ikabidi nipimwe presha.

"Mama," akasema, "kila asubuhi kabla hujala, unavaa mkanda, unabonyeza hapa, unatulia. Halafu nakupigia simu unanisomea namba."

"Na nikishakusomea utazifanyia nini?"

"Nitajua unaendeleaje."

"Zamani ulikuwa ukiniuliza tu, 'Mama, umeamkaje?' na mimi nakujibu."

"Mama, watu wa kijijini mnajibu 'sijambo' huku mnakata roho."

Hapo alisema kweli, lakini sikumpa raha ya kumwambia.

Shule niliishia darasa la nne, ila namba nazisoma vizuri kuliko wengi waliomaliza. Mwezi wa kwanza nilimsomea mia hamsini na kitu, akaguna. Mwezi wa pili zikawa mia na sabini, akaguna zaidi. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nikamsomea mia tisini na nane juu na mia na kumi na mbili chini.

"Mama, umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Nachambua choroko."

"Acha kuchambua! Lala!"

Nikalala. Nikaamka. Choroko zilikuwa palepale zinanisubiri. Kichwa hakiniumi, macho hayaoni giza, miguu haijavimba, na asubuhi ileile nilikuwa nimetoka kisimani na ndoo kichwani. Lakini nani atamuuliza mwenye mwili wakati mashine ipo?

Kilichoondolewa kwanza ni chumvi. Mwanangu alimpigia simu jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo kama kengele ya shule, akamkabidhi kazi ya kunilinda. Ukitaka kumfurahisha mtu, mkabidhi chungu cha mwenzake. Alikuja mbio, akachukua kopo langu la chumvi akaenda nalo kwake, ambako nina hakika halikukaa bure. Mimi nikabaki na bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu kisicho na chumvi. Mtu ambaye hajala kisamvu cha namna hiyo wiki tatu mfululizo asinihubirie habari za subira.

"Jirani, leo ngapi?" Alikuwa akiniuliza kila asubuhi, yeye yuko uani kwake, mimi niko uani kwangu, kijiji kizima kiko katikati kinasikiliza.

"Mia tisini na tano."

"Uwii! Na bado unafagia? Mjomba wangu alikuwa na mia themanini tu, tukamzika."

"Basi mimi mtanizika mara mbili."

Nilimwambia naye ajipime, akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. Hata hivyo mwanangu alikuwa amekataza: mashine ni ya mtu mmoja, ikizungushwa kijiji kizima itachoka. Kwa hiyo mkanda ule haukuwahi kufunga mkono mwingine ila wangu, na hakuna aliyejua ungemwambia nini mwingine.

Kisha ikaja simu niliyokuwa nikiiogopa.

"Mama, vuli hii hulimi. Nakuja Jumamosi kukuchukua, unahamia Korogwe. Chumba kipo. Na shamba nimeshapata mtu wa kulikodi."

Alisema kama anavyosema bei ya bati.

Shamba lenyewe ni ekari moja, linaanzia nyuma ya jiko langu linashuka mpaka kwenye korongo. Nimelilima vuli na masika tangu nilipoolewa. Nimezaa nikalima, nimefiwa na mume nikalima, nimemzika binti yangu na wiki ya pili nilikuwa na jembe, maana mahindi hayana matanga. Na chumba cha Korogwe nakijua. Sakafu ni ya vigae, unatembea juu yake kama kuku aliyefungwa miguu. Dirisha linatazama ukuta. Mkwe wangu ni mtu mwema, na hiyo ndiyo shida yake: hataniacha nioshe hata kikombe. Nimewaona wazee waliohamishiwa mjini kwa kupendwa. Wanakalishwa kwenye kochi, wanawashiwa televisheni, wanaulizwa kama wamekunywa chai. Baada ya mwaka wanakuwa wepesi, unaweza kumnyanyua mtu kama ungo.

Sasa nieleze habari ya betri, kwa sababu nisipoieleza mimi ataieleza mjukuu wangu, na yeye hutia chumvi ambayo mimi nimekatazwa.

Mashine inakula betri nne ndogo. Mwanangu alinitumia mpya kila mwezi kwa bodaboda. Redio yangu nayo inakula betri nne, za ukubwa uleule. Betri za redio hakunitumia, kwa kuwa redio haipimi kitu. Basi mtu mwenye akili afanyeje? Zilizo mpya nilitia kwenye redio. Za redio zilizochoka nikazianika. Huku kwetu kila mtu anajua betri ikichoka haitupwi, inaanikwa. Nilizipanga kwenye ungo pembeni ya makopa ya muhogo, zikapigwa jua siku mbili, zikapata moto, nikazitia kwenye mashine. Ikawaka vizuri kabisa! Namba nyeusi, kubwa, hazina wasiwasi. Nikasema haya, hakuna aliyedhulumiwa. Asubuhi nikawa nasikiliza mawaidha yangu, kisha salamu za wasikilizaji, huku mkanda unanibana mkono na kunitabiria kifo. Mwezi uliofuata nikafanya hivyohivyo.

Jumamosi mwanangu alikuja. Nilifunga nguo mbili tu kwenye khanga, ili isionekane nimekubali, na mashine nikaishika mkononi kama hirizi. Tulipanda basi pale barabara ya lami, tukapita Segera, na njia nzima alinishika kiwiko, mimi niliyemfundisha kutembea. Korogwe nikakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya na mkwe wangu amepika ndizi bila chumvi, kwa upendo.

Jumatatu, mwanangu alipokwenda dukani, nikamwambia mkwe naenda Old Korogwe kumsalimia mjukuu wangu.

"Mama, kwa presha hiyo?"

"Nikianguka nitaanguka kuelekea huko."

Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa yule binti yangu niliyemzika. Nimemlea tangu ana meno mawili. Alisomea ufundi wa elektroniki chuoni, na sasa ana kibanda chake mwenyewe Old Korogwe: meza moja, taa moja, pasi ya kulehemu, na vijidroo ukuta mzima kama duka la dawa. Anatengeneza simu, redio, mizani ya kidijitali. Wanaume wanamletea vitu wakiwa wameshavipasua, halafu wanamwambia walikuwa wamekaribia kumaliza. Mimi sipendi kujisifu kwa ajili yake. Huwa namtaja tu kwa kila ninayekutana naye.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mke mwenzangu. Nimekuja kukuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Kaburini, kupitia kwa mjomba wako."

Akacheka, kisha akanitazama vizuri akaacha. Nikamweleza yote: namba, chumvi, vigae, mtu wa kukodi shamba. Betri sikuzitaja, kwani hakuniuliza. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo mashine."

Nilidhani ataifungua. Badala yake alijifunga mkanda mwenyewe, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikavuta, ikatoa jibu: mia themanini na tisa.

"Bibi, na mimi nakufa."

"Wewe una miaka ishirini na sita!"

"Ndiyo maana nasikitika."

Palikuwa na mteja kwenye benchi, baba mmoja mnene aliyekuwa akisubiri simu yake. Mjukuu wangu akamwomba mkono. Mia tisini na moja. Yule baba akashika ukuta, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Kibanda kizima kilikuwa cha kuzikwa, na mimi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nikahisi mwili unapata nguvu.

Ndipo akaifungua. Akachukua mita yake yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akagusa kwenye betri.

"Volti tano na nusu. Hazijambo kabisa. Sasa tazama hapa bibi, usitazame mashine, tazama mita." Akabonyeza. Pampu ilipoanza tu kunguruma, namba za mita zikaporomoka mpaka nne. Pampu ilipozima, zikarudi zikakaa kama hakuna kilichotokea. "Umeona? Zikipumzika ni nzima. Zikipewa kazi zinaanguka."

"Kama wajomba zako."

"Ndani humu," akasema, ananionyesha kwa ncha ya bisibisi, "wako watatu wanakula chungu kimoja. Kuna pampu. Kuna hili, ni sikio, linasikiliza msukumo wa damu. Na kuna hii chipu, ndiyo akili, inageuza lilichosikia sikio kuwa namba. Waliotengeneza walibana matumizi, wakawaunga wote moja kwa moja kwenye betri. Na akili inapima kwa kulinganisha na umeme inaoula yenyewe. Huo ndio kipimo chake. Pampu ikifakamia, umeme unashuka, kipimo kinafupika, na yenyewe haijui."

Niliwaza kidogo. "Kama mtu anapima shamba kwa kamba, na kamba imekatwa kipande."

"Eeh. Halafu shamba linakuwaje?"

"Linakuwa kubwa."

"Basi presha yako ni shamba lililopimwa kwa kamba iliyokatwa."

Nikasimama palepale, nikafunga khanga vizuri. Nilitaka kwenda dukani kwa mwanangu nikamtangazie mbele ya wateja wake wa mabati.

"Kaa, bibi," akasema mjukuu wangu. Alikuwa ametoa betri moja, anaigeuza kwenye taa. "Betri hii ina unga."

"Unga gani?"

"Wa muhogo."

Kibanda chake kina dirisha dogo linaloelekea upande wa mtoni. Sikuwahi kujua kama kuna mandhari nzuri kiasi kile. Niliitazama sana.

"Betri anazokutumia mjomba nazinunua mimi. Mpya, kila mwezi. Ziko wapi?"

"Kwenye redio."

"Mke mwenza, kumbe wewe mwizi."

"Nimeiba kwangu nikapeleka kwangu. Kesi iko wapi?"

"Kesi unatembea nayo mkononi." Akaweka betri mezani. "Redio ikipungukiwa umeme inafanyaje?"

"Inakoroma. Mtangazaji anaongea kama amemeza ugali wa moto."

"Basi redio ni mkweli, ikichoka inakuonyesha. Hii mashine ikichoka haikoromi. Inakupa uongo kwa sura ileile iliyokupa ukweli."

Yule baba mnene wa benchi akaitikia, "Ni kweli kabisa," kwa sauti ya mtu aliyefufuka.

Mimi nilitaka mambo yawe mafupi. "Tia betri mpya, nikampimie mjomba wako, nirudi kwangu."

"Nikitia mpya leo, mwezi ujao utaziiba."

"Siibi."

"Utaiba. Na hata usipoiba, betri zote huchoka. Mashine nzuri haingoji uaminifu wa bibi."

Maneno mazito kwa mtoto niliyemtoa makamasi. Lakini alikuwa ameshawasha pasi ya kulehemu.

Kwanza alirudisha ile betri ya unga mahali pake, akachukua kapasita moja nene kama kidole, akaiunga karibu na betri. Ni kama pipa, alisema: linajaa taratibu, na pampu ikitaka maji mengi ghafla inachota humo. Akanifunga mkanda. Mia na sabini. Akarudia. Mia hamsini na tano. Akarudia tena. Mia sabini na tano. Namba zinacheza kama watoto wa shule wakati wa mapumziko.

"Pampu inalimaliza pipa," akasema. "Nyamaza kwanza, bibi."

Sikuwa nimesema neno.

Baadaye akatoa kwenye droo kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko mbegu ya boga. Pampu akaiacha palepale kwenye betri, ifanye fujo yake. Sikio na akili akawakata kutoka pale, akawapitisha kwenye kile kidude. Kazi yake, aliniambia, ni kupokea umeme wowote, uwe mwingi, uwe unayumba, na kutoa volti tatu na kidogo tu, zisizozidi wala kupungua.

Huyo nilimfahamu mara moja. Ni yule mama anayesimamishwa kwenye sufuria la pilau siku ya harusi. Aje shemeji, aje mwenyekiti, aje mtu aliyekuja bila kualikwa, anapakua kijiko kilekile. Wengine tunamchukia, lakini asipokuwepo watu wa nyuma hawali.

"Na betri zikishuka chini ya hizo tatu?" nikamuuliza.

"Hapo naye hana la kufanya."

Ni kweli. Kwenye ukoko hakuna mpakuaji hodari. Kwa ajili ya siku hiyo akaongeza kidude kingine, kinachoizima akili kabisa umeme ukipungua mno, kioo kibaki cheupe. Nilimwambia ningependa kukifunga kwa jirani yangu.

Chini ya miguu ya ile chipu akaweka kapasita nyingine, ndogo kama punje ya ulezi. Nikamuuliza, mtungi huo utamnywesha nani? Akasema hauhitaji kuwa mkubwa, unahitaji kuwa karibu. Hilo nalo halikuhitaji chuo. Mboga ikianza kushika moto, pipa lililoko kisimani halikusaidii. Kinachokuokoa ni kata ya maji iliyoko ubavuni mwa jiko.

Tukapima. Mia na sitini. Mia hamsini na mbili. Mia hamsini na tisa. Bado inacheza, ila sasa kama wazee. Akaegemea kiti, akafumba macho, kisha akajipiga kofi kwenye paja.

"Njia ya kurudi! Umeme unakwenda na unarudi, bibi. Nimewatenganisha wakati wa kwenda, lakini wote bado wanarudi kwenye betri kwa waya mmoja mwembamba. Pampu ikirudi inawasukuma wenzake."

"Yaani umepitisha ng'ombe na wenye ndoo njia moja?"

"Ndiyo."

"Huko kwenu chuoni hakuna kisima? Kwetu watu wamepelekana baraza la kata kwa jambo hilo. Ng'ombe wana njia yao, ndoo zina njia yake, tunakutana kisimani tu."

Akanitazama, akacheka, akakata ule waya. Pampu akaipa njia yake ya kurudi, nene. Wale wawili akawapa yao. Zikakutana kwenye betri tu. Sisemi kwamba ni mimi niliyeitengeneza mashine ile. Nasema tu kwamba nilikuwepo.

Akaziacha humo zile betri zangu za unga. Akajifunga mkanda: mia na kumi na sita. Akatia betri mpya: mia na kumi na sita. Yule baba mnene naye akapata mia ishirini na nne kwa betri zote, akachukua simu yake akatoka akimshukuru Mungu kwa sauti. Zamu yangu ikafika. Nilikaa kama bibi harusi, nikisubiri namba za msichana.

Betri za unga: mia hamsini na nne. Betri mpya: mia hamsini na tano.

"Hii mashine bado haijapona," nikasema.

"Imepona, bibi."

"Mia hamsini na nne?"

"Mashine imepona. Wewe ndiye una presha." Akanifungua mkanda taratibu. "Ya kawaida. Ya kidonge kimoja na chumvi kidogo. Siyo ya sanda."

Miezi mitatu nimekuwa nikiiita mashine ile mwongo. Nimeipeleka kwa fundi bora kuliko wote Korogwe, mtu wangu mwenyewe, ili anithibitishie. Akaifundisha kusema kweli, na kweli yenyewe ya kwanza ikawa hiyo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda zahanati watatu: mimi, mjukuu wangu, na mwanangu. Mwanangu tulikuwa tumemwambia tu kwamba mashine imetengenezwa na namba zimeshuka, akataka mtu mwenye sare aseme. Muuguzi akaleta kipimo chao cha kupuliza kwa mkono, akaweka mipira masikioni, akasikiliza. Mia hamsini na sita. Mkono wa pili tukafunga mashine yetu. Mia hamsini na nne.

Mwanangu alitazama huku na huku kama mtu aliyepiga msumari ukapinda.

"Sasa kwa nini nyumbani ilikuwa inasema mia tisini na nane?"

Mjukuu wangu akaanza kusoma kalenda ya ukutani. Aliniachia mimi.

"Labda ilikuwa mbovu," nikasema.

"Basi itupwe. Nitanunua nyingine, kubwa. Na mpaka nihakikishe yenyewe iko sawa, mama unabaki hapa Korogwe. Vuli ipite."

Muda ulikuwa umekwisha. Ningeweza kulinda heshima yangu na kukaa kwenye vigae, au kuivua palepale mbele ya muuguzi na kurudi shambani. Nikaivua. Nikasema habari ya redio, nikasema habari ya ungo, nikasema mpaka habari ya makopa. Muuguzi akainamia daftari lake akaandika kwa bidii sana, mabega yanamtikisika.

Mwanangu hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hasira yake naijua, inapita kama mvua ya rasharasha. Haikuja.

"Mama," akasema, "miezi hii yote, simu ikiita mara nne hujapokea, nafunga duka. Nakaa nje kwenye ngazi mpaka upokee. Wateja wanadhani nina wazimu. Nimekuwa naogopa simu yangu mwenyewe. Ni kwa sababu ya redio?"

Nilitafuta neno la kumrudishia. Huwa ninayo mengi, nayaweka tayari kama kuni. Safari hii nikayaacha yalale.

"Nisamehe, baba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua ile mashine mezani, akaigeuzageuza, akamuuliza mjukuu wangu kama sasa anaweza kuiamini. Akajibiwa anaweza, hata mwizi akiwa yuleyule. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, na mimi nikaona mlango umefunguka nusu.

"Nalima," nikasema.

"Kidonge kila siku?"

"Kila siku."

"Chumvi?"

"Kidogo. Na kopo lirudi kwangu."

"Nusu ekari, mama."

"Ekari."

"Nusu, au vigae."

"Nusu," nikasema, na hilo lilinichoma kuliko mia hamsini na nne.

Mvua iliwahi. Nilirudi Mazingara siku nne kabla yake, nikapanda nusu ekari ya juu, karibu na nyumba, na nikaishia pale tulipokubaliana, jembe linaniwasha mikononi. Yule mtu wa kukodi alikuwa ameshaambiwa hapana. Nusu ya chini ikawa imelala wazi, nyeusi, inavuta maji bure, na mimi nikawa nalala nikiisikia.

Jumamosi iliyofuata mwanangu akateremka kwenye bodaboda amevaa viatu vya mjini, na mbegu begani. Alikunja suruali, akachukua jembe langu, akashuka kwenye ile nusu iliyobaki. Miaka ishirini hakuwa amelima. Nilikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba nikamwelekeza mpaka adhuhuri: inama, fukia, siyo hapo, mbegu tatu siyo konzi nzima, baba, unalisha kuku au unapanda? Alikuwa akijibu, "Ndiyo mama," jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu.

Mistari yangu ya juu imenyooka. Yake imepinda yote, imefuata jinsi alivyokuwa akigeuka kila mara kunitazama kama bado nimekaa.